Bushi za stata nilizotengeneza kwa unga wa kopa zimevimba tanurini badala ya kusinyaa. Nimekosea wapi?

#1 FundiStata
Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Unga Limited, Arusha. Kazi zangu nyingi ni stata na altaneta za vifodi (daladala ndogo). Mnajua bushi za stata (pete ambazo shafti inazunguka ndani yake) zinakuja za aina mbili: zile zinazonywa oili, na zile ambazo ni brasi iliyochongwa tu. Hizi za brasi zikikaa miezi miwili shafti inaanza kucheza, amecha (sehemu inayozunguka) inasugua fildi (koili zilizoizunguka), mteja anarudi na maneno. Nikaamua nitengeneze zangu.

Kopa nimeitoa kwenye mrututu (salfeti ya kopa), ule ule wa wakulima wa kahawa. Nimeyeyusha kilo 4 kwenye ndoo ya maji, nikatumbukiza misumari na vipande vya nondo, kesho yake chini kuna tope jekundu. Nikalisuuza, nikalianika juani. Bati nimelikwangua kwa tupa. Kopa sehemu 9, bati sehemu 1.

Kisha karasha, yaani kinu cha ngoma inayozunguka na gololi ndani. Ngoma ni kipande cha bomba la chuma, kipenyo cha ndani sentimita 20, urefu 15. Ndani gololi 90 za milimita 20 kutoka beringi za malori, jumla kama kilo 3. Unga gramu 300, na gramu 6 za mshumaa uliokwanguliwa ili unga usigande. Imezunguka masaa 60, mizunguko 140 kwa dakika. Nia yangu kopa na bati zigongwe mpaka ziwe aloi (metali moja iliyochanganyika) kabla hazijaona moto.

Nimeshindilia kwa jeki, tani 5, kalibu ya milimita 20 yenye pini ya 14 katikati. Tanuri ni ya koili, bushi zimelala ndani ya boksi la chuma lililojaa unga wa mkaa. Nimetoka baridi mpaka nyuzi 800 kwa dakika 40, nikaacha nusu saa.

Nilitegemea zisinyae. Kabla ya moto venia (kipimo cha kipenyo) ilisoma milimita 20.1, baada ya moto 20.6. Na juu kuna vijitone vyeupe, vidogo kama kichwa cha pini, kama bushi imetoka jasho. Ukiigonga mezani inalia ko, hailii ting.

Tatizo nini?

#2 KitiChaMbele
Nimeshakaa. Wataalamu karibuni.

#3 MzeeWaFoji
Kijana, pole na kazi. Niko Pasua, Moshi, nimeyeyusha na kumimina vyuma tangu ujana. Jibu ni rahisi: bati linayeyuka kwenye 232, kopa inasubiri mpaka 1085. Ukipandisha moto, chembe ya bati inageuka maji, inanyonywa na kopa iliyo jirani, pale ilipokuwa panabaki shimo. Na chembe ya kopa iliyokunywa bati inanenepa, inamsukuma mwenzake. Mashimo yameongezeka, chembe zimenenepa, bushi imevimba. Hakuna uchawi.

#4 FundiStata
Mzee shikamoo. Lakini si ndiyo maana nikasaga masaa 60? Bati lilitakiwa liwe limeshaingia ndani ya kopa, lisiyeyuke peke yake.

#5 MzeeWaFoji
Marahaba. Lilitakiwa. Wewe una uhakika liliingia?

#6 BintiKemia
Habari zenu. Kabla hatujafika mbali, FundiStata, hilo "bati" lako ni lipi? Neno hili linatuponza. Kuna bati la kuezekea, ambalo ni chuma kilichopakwa zinki, na kuna bati madini yenyewe. Ulikwangua nini?

#7 FundiStata
Dada nina akili zangu, sijakwangua paa la mtu. Nilinunua miche ya lehemu.

#8 BintiKemia
Imeandikwaje?

#9 FundiStata
60/40.

#10 BintiKemia
Basi 40 ni risasi. Katika gramu zako 300 kuna gramu 12 za risasi, na vijitone vyako vimejieleza. Risasi haichanganyikani na kopa, ikipata moto inatafuta pa kutokea, na ubaridi wa nje unaigandisha juu kama jasho. Bushi yako ina bati asilimia 6 tu, si 10.

Halafu tafadhali sana, hilo karasha usilifungulie nyumbani. Vumbi la risasi lililosagwa masaa 60 si la kuchezea, hasa kama kuna watoto wanaotambaa. Vaa barakoa ya maana, si kitambaa, na nguo za kazi zisifuliwe na za watoto.

#11 FundiStata
Nimekuelewa dada. Karasha liko gereji, lakini kweli ovaroli huwa naenda nayo nyumbani. Leo inabaki huku.

#12 MangiWaMamba
Risasi kwenye bushi si kosa. Kuna shaba (aloi za kopa na bati) za beringi zinawekwa risasi makusudi ili zijilainishe. Binti asimtishe jamaa kwa hilo la bushi. La vumbi namuunga mkono.

#13 BintiKemia
Mangi, hizo zinawekwa risasi kwenye aloi iliyoyeyushwa na kumiminwa, inabaki imetawanyika ndani. Hii imetoka nje. Ni vitu viwili.

#14 DerevaKwaMrombo
Mimi sielewi hata mstari mmoja ila nasoma. Stata yangu iko kwa fundi hapo hapo Unga Limited tangu Jumanne, gari nasukumiwa na makonda wa wenzangu kila asubuhi.

#15 KarashaGeita
Nimecheka #1 aliposema mizunguko 140. Nimelala pembeni ya makarasha Geita miaka 4 kabla sijahamia Usa River, naomba niulize swali moja tu: lilikuwa linalia vipi?

#16 FundiStata
Mwanzoni linapiga kelele, likishika kasi linatulia. Nilifurahi hata majirani hawakulalamika.

#17 KarashaGeita
Ndiyo hapo. Karasha likitulia halisagi. Gololi zimebanwa ukutani na mzunguko, zinazunguka na ngoma kama nguo kwenye mashine ya kukamulia. Hazidondoki, hazigongi kitu. Umelipia umeme wa masaa 60 kwa ajili ya kuzitembeza gololi.

Hesabu yake iko hivi. Chukua kipenyo cha ndani cha ngoma kwa mita, toa kipenyo cha gololi, tafuta kipeuo cha pili, kisha gawanya 42.3 kwa jibu hilo. Yako ni 0.20 toa 0.02, inabaki 0.18, kipeuo chake 0.424. 42.3 gawanya hiyo ni karibu 100. Hiyo ndiyo kasi ambayo gololi inagoma kudondoka. Kazi inafanyika kwenye asilimia 65 mpaka 80 ya hapo, yaani wewe ulitakiwa uwe 70 hivi. Likienda vizuri utasikia kama mvua ya mawe juu ya paa. Kule machimboni mlinzi wa karasha analala, sauti ikibadilika anaamka mwenyewe.

#18 MzeeWaFoji
Nilisema mimi. Bati halikuingia popote.

#19 MwanafunziTengeru
Naomba nipingane kidogo na #17. Hesabu ni sahihi, ila inachukulia kwamba gololi haitelezi. Ngoma yake ni laini ndani, haina mbavu, na gololi kilo 3 hazijai hata sehemu ya sita ya ujazo. Gololi chache kwenye bomba laini zinateleza sana, kwa hiyo hata kwa 140 huenda nyingine zilikuwa zinabiringika chini. Fundi, unga ulitoka vipi? Ulibadilika?

#20 FundiStata
Ulibadilika. Uliingia mwekundu, ukatoka wa kahawia iliyoiva, na ukiusugua kidoleni unang'aa kama magamba ya samaki.

#21 MwanafunziTengeru
Basi ulisagwa, walau kiasi. Magamba ni hatua ya kwanza: metali laini ikigongwa inakuwa bapa. Ukiendelea, magamba yanagandana tabaka juu ya tabaka kama chapati ya kusukuma, yanakatika, yanagandana tena. Kila mara tabaka la kopa na la bati linazidi kuwa jembamba, mpaka chembe za huku zinahamia kule. Ndiyo aloi ya kusaga hiyo. Wewe umeishia kwenye chapati ya kwanza.

Na masaa 60 ya ngoma ya kawaida si masaa 60 ya kinu cha maabara kile ambacho chupa zinajizungusha huku zikizunguka na meza. Kile kinagonga kwa nguvu nyingi zaidi, kazi ya masaa machache kule inaweza kuchukua mamia ya masaa huku.

#22 MangiWaMamba
Swali la kijinga: kwa nini asiyeyushe tu? Kopa na bati zinapendana, tia kwenye chungu, koroga, mimina. Babu zangu wa Mamba walifua mikuki ya Wamasai bila karasha.

#23 MzeeWaFoji
Anataka bushi inayonywa oili, Mangi. Ukimimina inatoka imeshikana, haina vitundu. Bushi ya unga ina vitundu kama asilimia 20 ya ujazo wake, oili inakaa humo, shafti ikipata joto oili inatoka, ikipoa inarudi.

#24 MpareHalisi
Na hao babu zako wa Mamba chuma walikipata wapi? Walikuja kununua kwetu Upare kwa Washana, ukoo wa wafua chuma. Nyie mlikuwa mnapiga nyundo tu.

#25 MangiWaMamba
Haya yameanza. Mpare amenusa chuma amekuja na mvukuto.

#26 MwanafunziTengeru
Swali la Mangi si la kijinga. Huyu aliyeanzisha kusaga aloi, John Benjamin wa kampuni ya INCO, miaka ya 1960, hakusaga kwa sababu hana chungu. Alikuwa anataka kuingiza chembe za oksaidi ndani ya aloi ya nikeli kwa ajili ya injini za ndege. Ukiyeyusha, oksaidi inaelea juu kama povu. Ukisaga inabanwa katikati ya matabaka, haina pa kukimbilia. Kusaga ni kwa vitu visivyokubali kuyeyuka pamoja. Kwa kopa na bati fundi angeweza kuchanganya tu, akashindilia, akachoma. Viwanda vingi vya bushi vinafanya hivyo hivyo.

#27 FundiStata
Kwa hiyo masaa 60 yangu bure?

#28 BintiKemia
Si bure tu, huenda yamekuharibia. Metali ikigongwa inakuwa ngumu. Unga wako mgumu umeugandamiza tani 5, nimepiga hesabu ni kama megapaskali 300, si haba, lakini ulipotoka kwenye kalibu ukajinyoosha. Ndiyo ile 0.1 ya kwanza. Ungeulainisha kwanza kwa moto wa 400 hivi ndani ya mkaa.

Lakini mimi mshukiwa wangu mkuu ni mwingine. Ulianika tope la kopa juani. Kopa laini namna ile ikianikwa mbichi inashika kutu haraka, ndiyo ule ukahawia. Fundi, ulipima uzito wa bushi?

#29 FundiStata
Nilipima kwa mizani ya jamaa anayenunua vito vya Mererani. Kabla 15.6, baada 15.1.

#30 BintiKemia
Imepoteza gramu 0.5. Mshumaa ulikuwa asilimia 2, yaani 0.3. Iliyobaki 0.2 imekwenda wapi? Nasema ni oksijeni. Gesi ya mkaa imeingia, imeivua kopa kutu yake, na gesi iliyozaliwa ndani imesukuma ili itoke. Kama mkaa ulikuwa na unyevu ni mbaya zaidi: haidrojeni inapenya kopa, inakutana na oksijeni, unapata mvuke ambao hauwezi kupenya kurudi nje. Unapasua kopa kutoka ndani.

#31 MzeeWaFoji
Binti, mizani ya kusoma pointi moja unaitolea hukumu ya gramu 0.2? Na vile vijitone vikibanduka na kubaki kwenye mkaa si uzito pia?

#32 BintiKemia
Hapo umenipata nusu.

#33 MamaKeki
Samahani mimi ni wa kuoka. Dakika 40 mpaka 800 na mshumaa ndani? Hata keki ukiiwekea moto wa ghafla juu inafunga, katikati hewa inahangaika, inapasuka. Si mshumaa ndio umeivimbisha?

#34 MwanafunziTengeru
Mama yangu umewashinda wengi humu. Mshumaa lazima utolewe polepole, akae kwenye 400 au 500 walau nusu saa ndipo apande.

#35 ArushaBaridi
Nyote mnasahau jambo moja. Arusha tuko juu, mita 1,400. Hewa nyepesi, kwa hiyo bushi inavimba zaidi. Maharage yenyewe huku hayaivi.

#36 BintiKemia
Maharage hayaivi kwa sababu maji yanachemka kwenye 95 hivi badala ya 100. Bati halijali uko Arusha au Tanga, litayeyuka 232.

#37 TanuriSakina
Mimi nauliza jambo moja: nani kasema ilikuwa 800? Kipimajoto chako kilikaa wapi?

#38 FundiStata
Kimeingia kupitia ukuta wa nyuma, ncha iko sentimita 3 kutoka kwenye koili.

#39 TanuriSakina
Basi kinapima koili. Boksi la chuma lenye mkaa katikati linaweza kuwa chini sana ya hapo, na nusu saa isitoshe. Bushi ya kopa na bati inavimba kwanza, inasinyaa baadaye kama ikipata joto na muda wa kutosha. Huenda uliitoa ikiwa bado kwenye kuvimba.

Kipimo cha bure: chukua chumvi ya mezani, kijiko cha chai, weka kwenye kikombe kidogo cha udongo, kifukie kwenye mkaa ubavuni mwa bushi. Chumvi inayeyuka 801. Ukikuta bado punje punje, hukufika.

#40 MpareHalisi
Baada ya moto ungeizamisha kwenye maji ingekaza.

#41 MzeeWaFoji
Hiyo ni ya jembe na panga, chuma chenye kaboni. Kopa na shaba ukizichoma na kuzizamisha zinalainika. Uliza wafua sufuria.

#42 KarashaGeita
Fundi, jambo jingine. Pitisha sumaku ya spika juu ya unga.

#43 FundiStata
Umeruka! Si wote, lakini umeota ndevu kwenye sumaku.

#44 KarashaGeita
Gololi na bomba vimeliwa. Pima gololi zako kabla na baada.

#45 BintiKemia
Au ni vipande vya misumari vilivyobaki kwenye tope la mrututu. Angepitisha sumaku kabla ya kusaga tungejua. Sasa hatujui.

#46 KijanaMbauda
Wakuu, nikitumia unga wa alminiamu badala ya kopa si nitapata bushi nyepesi? Ninao mwingi chini ya mashine ya kuchonga.

#47 MwanafunziTengeru
USISAGE. Alminiamu ikisagwa bila hewa, inazaa uso mpya ambao haujapata kutu. Siku unafungua kifuniko, hewa inaingia kwa mkupuo. Nilishuhudia chupa ndogo, gramu 20 tu, yenye alminiamu na magineziamu. Jamaa aliifungua haraka akijua imepoa. Haikulia hata, ni mwanga mweupe tu, kisha harufu ya nywele. Nyusi zilirudi baada ya wiki kadhaa, na alikuwa na bahati ya miwani. Na kama ndani kuna kutu ya chuma ndiyo kabisa, huo ni mchanganyiko wa kuchomea reli.

#48 KijanaMbauda
Nimeghairi.

#49 FundiStata
Wakuu nimerudi, siku 5 zimepita. Nimebadilisha puli, sasa ngoma inakwenda 72. KarashaGeita, ni mvua ya mawe kweli, jirani amekuja mara mbili. Usiku wa pili umeme ukakatika masaa 9, kwa hiyo jumla ni masaa 80 kasoro. Unga niliulainisha kwenye mkaa kwa 400 kabla ya kushindilia, na tanurini nilikaa kwenye 450 nusu saa kumtoa mshumaa. Mkaa niliukausha kwanza.

Imetoka 20.3. Vijitone bado vipo, vichache.

Chumvi: kipimajoto kiliposoma 770 nilichungulia, ilikuwa imeshakuwa maji, inang'aa kama kioo.

#50 TanuriSakina
Duh. Basi ni kinyume na nilivyosema, ndani kuna joto kuliko anavyosoma. Au kikombe kilikuwa karibu na koili?

#51 FundiStata
Kilikuwa upande wa koili, ndiyo.

#52 TanuriSakina
Basi hatujajua kitu. Weka vikombe viwili.

#53 BintiKemia
Fundi, nakupongeza na nakulaumu hapo hapo. Umebadilisha kasi, umelainisha unga, umekausha mkaa, umepunguza mwendo wa moto, vyote kwa mkupuo. Kuvimba kumepungua, lakini nani kashinda? Mzee atasema bati limeingia, mimi nitasema kutu imepungua, Mama Keki atasema mshumaa.

#54 MamaKeki
Nasema mshumaa.

#55 MzeeWaFoji
Na lehemu ile ile yenye risasi! Tafuta bati safi kijana. Halafu mimi sioni hata hiyo kuvimba ni ugonjwa. Unataka vitundu, umepata vitundu. Chonga kalibu ya 19.7, ikivimba ikutane na kipimo. Umeidondoshea oili?

#56 FundiStata
Nimeidondoshea tone moja juu. Limekaa kama limeduwaa, nikahesabu mpaka 8, likazama lote. Pakabaki paking'aa kidogo tu. Nimeilaza kwenye oili ya moto usiku kucha, nikaipunguza nje kwa lezi (mashine ya kuchonga), nikapitisha rima (kifaa cha kusawazisha tundu) ndani, nimeifunga kwenye stata moja hapa ya kifodi. Toka jana inapiga vizuri.

#57 DerevaKwaMrombo
Fundi samahani. Stata ya nani hiyo?

#58 KitiChaMbele
Nasogeza kiti.

#59 FundiStata
Ndugu dereva, gari lako ni lile lenye mstari wa kijani?

#60 DerevaKwaMrombo
Ndilo.

#61 FundiStata
Pita kesho saa 2 asubuhi. Hela ya bushi sikudai.